Kuku Bila Ndimu

Sitalitaja jina lake. Analo, tena zuri, ila nikilitaja tu atatokea Mzanzibari mmoja aseme, "Ah, huyo si mtoto wa fulani wa pale?" kisha anipe ukoo mzima, na ukoo wake haunihusu. Mimi nilimjua jikoni, Riyadh, katika ile miaka ambayo maajenti wa kazi za ndani walikuwa wakitupakia kwenye ndege kama magunia ya viazi. Wenye nyumba walimwita tabaha, yaani mpishi. Kwetu Kitale mtu mzima haitwi kwa jina lake wazi, kwa hivyo nikamwita Bi Mpishi, naye hakuwahi kunikataza.

Ukitaka kumjua, anza na ndimu. Hakuna kitu kilichowahi kuwa na damu kilichoingia kwenye sufuria ya Bi Mpishi kabla ya kupita kwenye ndimu na chumvi. Kuku alimsugua ndani na nje, akamwinua mabawa akasugua kwapa, akamsuuza, akamnusa, kisha akaanza upya. Siku yangu ya kwanza nilipomwona nikacheka, maana kwetu kuku akishanyonyolewa na kumwagiwa maji anasubiri moto tu. Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Nyie wa bara," akasema, "ndiyo maana mkila mnakunja uso. Shombo hiyo."

Na mtu huyo huyo, aliyesugua kuku mpaka ngozi ikaomba msamaha, kitanda chake alikitandika akikumbuka. Tulilala chumba kimoja nyuma ya nyumba, najua ninachosema. Kanga zake zilikaa rundo moja kubwa juu ya godoro, na usiku alizisukuma ukutani akalala kando yake kama mgeni. Ukimwambia, atakujibu kwamba kitanda hakiliwi.

Jikoni alikuwa na kelele. Alizungumza na vitunguu, aliutukana mchele ukiwa mbovu, aliimba. Nje ya jikoni alikuwa mtu mwingine kabisa. Mbele ya Madam sauti yake ilipungua mpaka ukadhani anaumwa. Aliogopa lifti kuliko alivyoogopa faini, kuliko alivyomwogopa kafili, mwajiri wetu mwenyewe. Tukifika jengo lolote, aliinua baibui kidogo akaanza kupanda ngazi, na mimi juu nimesimama namsubiri, nasikia pumzi zake zikija ghorofa kwa ghorofa.

Na alikula amesimama. Hilo ndilo lililoniuma zaidi nilipomzoea. Aliwapikia watu wa nyumba ile pilau, biriani, kabsa yao, mpaka wageni wakauliza huyu mmemtoa wapi, halafu yeye anasimama kando ya sinki na sahani mkononi, ameupa mlango mgongo, anakula haraka haraka. Nikimwambia aketi, anasema akiketi ataanza kufikiri.

Lakini kulisha watu, haya sasa! Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Chakula kikimridhisha alifinyanga tonge, akaja nalo mpaka mdomoni kwako. "Haya, fungua." Mimi ni mtu mzima, nimeacha watoto wawili kwa mama yangu, ananilisha nani? Nikawa nageuza uso. "Bi Mpishi, aki niwekee tu kwa sahani." Aliniwekea. Lile tonge akalila mwenyewe polepole, kama mtu aliyebisha hodi asiitikiwe.

Aliniambia mama yake alimlisha hivyo mpaka anaolewa. Kwao tonge la mkono wa mama haliulizwi umri. Na huyo mama ndiye aliyekuwa roho yake yote. Alikuwa mzee sana, akili imeanza kumpotea, anakaa na mtoto wake wa kiume na mkewe. Ijumaa dereva alituteremsha Batha, katikati ya watu wa kila taifa wanaotuma pesa na kununua mablanketi, na Bi Mpishi akatafuta ukuta wenye kivuli akapiga simu nyumbani. Mke wa kaka ndiye aliyeshika simu. Nami kwa kuwa nilisimama karibu nilisikia kila kitu.

"Hataki kula, wifi. Anakunja mdomo. Tukimsogezea kijiko anakipiga."

"Kijiko ndicho asichokitaka. Mlisheni kwa mkono."

"Tumemlisha kwa mkono. Ameukataa."

"Basi mwambieni nakuja. Mkono wangu hataukataa. Mwambieni, kesho kutwa nipo."

Kesho kutwa ya wapi! Mkataba wake ulikuwa umekwisha zamani, ikama, kile kibali cha kukaa, ikafanywa mpya bila ya yeye kuulizwa. Alichokitaka ni huruji, ile karatasi ya kutoka nchini, ambayo bila ya mwajiri kuitoa hata uwe na mabawa huruki. Aliiomba. Madam akasema inshallah. Katika nyumba ile inshallah ya Madam ilikuwa ndefu kama barabara ya kwenda Jeddah. Bi Mpishi hakugombana. Alirudi jikoni akasugua kuku, na mama yake kule anakunja mdomo.

Ndipo binti wa nyumba alipokwenda kusoma ng'ambo, akatuachia wanyama wake wawili. Wana jina la Kizungu, sisi tukawaita vicheche kwa sababu kicheche ndiye tuliyemjua wa kufanana nao: mwili mrefu kama soksi, miguu mifupi, meno ya sindano, na harufu ambayo hata ufungue madirisha yote ya Riyadh haitoki. Mmoja alikuwa na weupe kuzunguka mdomo. Bi Mpishi akamwita Babu. Wa pili alilala mchana kutwa ndani ya shimo la matambara, akamwita Mwali, maana mwali ndiye afungiwaye ndani bila kuonekana na watu. Walikaa chumba cha juu chenye kiyoyozi usiku na mchana kwa sababu joto huwaua. Sisi chumbani kwetu kiyoyozi kilikohoa tu, lakini hayo niyaache.

Walikuwa na matumbo mabovu. Walikula biskuti kavu za paketi, wakaendesha, wakakonda mpaka mbavu zinahesabika. Binti akipiga simu anataka kuwaona, akiwaona analia, na akilia yeye Madam naye analia. Daktari wa wanyama akasema biskuti ziachwe polepole, wahamishiwe nyama mbichi. Na mwenye mkono wa nyama ndani ya nyumba ni nani? Tabaha.

Bi Mpishi akaja jikoni amevimba. "Mie mtu wa kupika. Nimeambiwa nisipike! Nimpe mnyama nyama mbichi kwa mikono yangu hii?" Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini Madam ameapa. Wakipona matumbo, wakila vizuri, huruji ananipa mkononi. Kaapa kwa Mungu, nimemsikia kwa masikio yangu."

Basi hapo ndipo maisha ya bibi kizee wa Unguja yalipofungwa kwenye matumbo ya vicheche wawili wa Riyadh. Mkicheka chekeni, sisi hatukucheka.

Tulikwenda kwa daktari, mimi kwa lifti, yeye kwa ngazi na kizimba mkononi. Daktari alikuwa Mmisri mpole. Alisema kwa Kiingereza, mimi nikamgeuzia Bi Mpishi.

"Anasema uanze na kuku peke yake, usichanganye nyama. Umsage pamoja na mifupa laini, mibichi, usiipike, maana ikipikwa inakatika ikachoma utumbo. Biskuti uziloweke, ziwe nyingi, kuku kidogo. Wakizoea unaongeza kuku, unapunguza biskuti. Iwe vuguvugu, isiwe ya baridi ya friji. Kila siku utazame choo chao. Kikiwa cha kijani au cha kamasi, unarudi nyuma hatua moja. Na usikimbilie maini, hayo baadaye."

"Mwambie nimefahamu. Pole pole ndio mwendo."

"Na anasema hiyo nyama usiitie kitu. Chochote."

"Lahaula, ananiona mwendawazimu? Nitamtilia mnyama bizari?"

Alifuata kila neno. Alisaga, aliloweka, alipasha bakuli juu ya maji moto, akapima uvuguvugu kwa kiwiko kama anaogesha mtoto mchanga. Babu akanusa, akapiga chafya, akaondoka. Mwali hakutoka hata shimoni. Tulipowapaka kidogo mdomoni ili waonje, walijifuta kwenye zulia. Kile kidogo walichomeza kikatoka mbio, kijani kitupu. Rudi nyuma, biskuti nyingi, kuku chembe. Anza tena. Chafya, kijani, rudi nyuma. Bi Mpishi akasema ni jicho. Mara akasema ni kiyoyozi. Akawasomea dua, akawavukizia udi, wakapiga chafya zaidi. Majuma yakapita hivyo na Madam akaanza kutuangalia vibaya mezani.

Mchana mmoja nikaingia jikoni kuchukua ndoo. Nikakuta kidari cha kuku kwenye bakuli, cheupe pe, hakina hata tone la wekundu, na kando yake maganda ya ndimu yamekamuliwa.

"Bi Mpishi, hiyo ni ya nani?"

"Ya wanangu wa juu."

"Unawawekea ndimu?"

"Siwawekei ndimu, nawaoshea."

"Daktari si alisema usitie kitu!"

"Sijatia kitu. Mwana wee, ndimu ni kitu? Ndimu ni maji yenye adabu."

Nikaitua ndoo chini. Majuma yote yale! Wanyama hao hula kwa pua, wananusa damu ndipo wanajua hiki ni chakula, naye ameitoa damu yote akawaachia uchachu wa kuwachoma matumbo. Nikamwambia hivyo, tena kwa sauti. Naye akapandisha yake.

"Mama yangu hajanitia mdomoni kitu chenye shombo hata siku moja! Leo unataka mie nishike damu hii nimpe kiumbe wa Mungu, naye anitazame usoni? Kuku asiyeoshwa hapewi hata adui!"

"Basi kaa hapa na ndimu zako," nikasema. "Kaa. Mamako akukose, vicheche wafe, wewe ubaki unasugua kuku."

Akaketi. Tangu nifike nyumba ile sikuwa nimemwona akiketi jikoni. Alivuta ndoo yangu, akaigeuza, akaketi juu yake na mikono yake yenye ndimu imelala mapajani. Hakulia. Alikuwa anaitazama mikono ile tu, nami nikaona nimeongea kwa ukali, lakini sikuwa nimeongea uongo.

Kesho yake akapanda juu na kuku asiyeoshwa. Alijifunika kanga puani, akageuza uso ukutani, akasema bismillahi, akanyoosha kiganja chenye nyama nyekundu. Hakutaka hata bakuli. Alisema kama ni kumkosea heshima kiumbe, basi amkosee mkono kwa mkono, si kumtupia kwenye chombo. Babu akaja ananusa. Akanusa tena. Kisha akala, akamaliza, akaanza kulamba kati ya vidole. Mwali akatoa kichwa shimoni.

"Ananilamba," Bi Mpishi akasema, bado anatazama ukuta.

"Mkono mtupu haulambwi," nikamwambia.

Akacheka mpaka kanga ikamwanguka. Kicheko chake nilikuwa sikijui, ni kicheko cha msichana.

Basi ikawa kazi imeshika njia. Kuku akaongezeka, biskuti zikapungua. Choo chao kikawa habari ya mjini. Nimeshika mkate wangu wa asubuhi, Bi Mpishi anateremka ngazi ananiita, "Njoo uone, cha Mwali leo kimekaza! Njoo!" Akanikokota nikakione, na mkate mkononi. Mtu aliyekataa shombo! Aliwaongezea bata mzinga kidogo, akasubiri, akawaongezea nyama ya kondoo, akasubiri, mwishowe chembe ya ini. Manyoya yakang'aa. Babu akaanza kuiba soksi na vijiko na kuvificha chini ya kabati. Na kila mlo waliula kiganjani mwa Bi Mpishi, ambaye sasa aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akawaambia habari zote ambazo hakuniambia mimi. Nilipita mlangoni nikasikia anawasimulia nyumba ya mama yake, mlango wake, kisima chake. Niliona wivu kidogo. Nilikuwa nalala kitanda cha pili kando yake mwaka wa ngapi, naye anaongea na vicheche.

Alipomwendea Madam kuomba huruji, Madam akapanda juu mwenyewe kuhakikisha. Akanyoosha mkono wenye pete na nyama. Babu akamtazama, akafunga mdomo, akageuka. Mwali akakimbilia chini ya kabati. Tukaweka nyama kwenye bakuli, tukatoka. Tukarudi, imekauka.

"La, la," Madam akasema. "Wewe ukienda hawa watakufa. Binti yangu atalia. Subiri, tabaha. Wamzoee mtu mwingine kwanza, ndipo uende."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo shida. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika.

Bi Mpishi alisugua masufuria siku ile mpaka jioni. Kisha akaniambia, "Mazoea yana tabu, mwanangu. Nimewalisha kwa mkono wapate kupona, kumbe nimejifunga kamba mwenyewe."

Ijumaa iliyofuata, ukutani pale Batha, wifi yake alikuwa na habari njema. Mama anakula. Kuna binti wa jirani huja kumtembelea, siku moja akamlisha kwa mkono, mama akapokea. Sasa hali kwa mtu mwingine ila kwa binti yule.

"Alhamdulillahi," Bi Mpishi akasema. "Mpe salamu. Mwambie Mungu amlipe."

Ndani ya gari alitazama nje njia nzima. Tulipofika karibu na nyumbani akasema, "Mkono wa mtu baki."

"Si anakula?"

"Anakula. Ndiyo. Anakula."

Mtu mwingine wa vicheche alikuwa mimi, nani tena? Bi Mpishi akanifundisha, na mwalimu mkali kama yule sijapata. Kwanza akayatupa mafuta yangu ya kupaka yenye manukato, nikapauka mwezi mzima. Akanivisha aproni yake ambayo haijafuliwa. Kisha akaniketisha sakafuni kando yake. Mkono wangu ukawa chini, mkono wake juu ya wangu, nyama juu ya mkono wake. Wakala. Siku zilipopita akavuta mkono wake nyuma, vidole vyake vikabaki kwenye kiganja changu. Wakala. Kisha mkono wangu ukawa juu, wake chini. Babu akanusa akasita, akamtazama yeye usoni, kisha akala. Tulikaa hivyo tumeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, na kwa kweli mkono wa mtu mzima mwenzangu nilikuwa sijaushika tangu nitoke nyumbani. Ulikuwa mkavu, wa moto.

Mwishowe akatoka chumbani. Akasimama nyuma ya mlango. Nikabaki peke yangu na nyama, nikijua kwamba wakikataa ni mama wa mtu anayebaki na mkono wa jirani. Babu akazunguka chumba akimtafuta. Akaenda mlangoni, akakwaruza. Nyuma ya mlango kimya. Akarudi, akala kiganjani mwangu. Mwali akafuata.

Bi Mpishi akafungua mlango. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Wasaliti hawa," akasema. "Wasaliti wakubwa. Hata hawakuniombolezea!"

Madam alitimiza kiapo, nampa haki yake. Asubuhi ya safari Bi Mpishi alikataa kupanda juu kuwaaga. "Nikiingia wakaninusa, watakugomea wewe. Halas." Akanikabidhi ile aproni, imekunjwa vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona mikononi mwake.

"Usiifue," akaniambia.

Yeye! Bi Mpishi wa ndimu, ananiambia mimi nisifue kitu. Gari likaondoka. Nikarudi jikoni nikasimama kando ya sinki nikala kiporo chake, nimeupa mlango mgongo, na sikutambua kwamba nasimama hivyo mpaka nilipomaliza.

Miaka ikapita, siihesabu. Babu alikufa kwa uzee, usingizini, ndani ya soksi ya Madam. Mwali alibaki. Familia ikahamia Jeddah kwa sababu ya kazi ya bwana, tukahama sote. Alasiri moja nilitumwa Al-Baghdadiyah, kwenye duka la kuku wabichi, kwa ajili ya Mwali. Kwenye duka la mboga la jirani nikasikia mtu anagombana.

"Hizi ndimu au kokoto? Kamua mwenyewe uone, mafi maji, hamna hata tone! Mafi!"

Sikuhitaji kumwona. Nilimkumbatia kwa nyuma, akanipiga kofi la mkono akidhani mwizi, kisha akanitazama, akaniita, "Wewe wa bara!" Tukapiga kelele pale dukani mpaka muuzaji akatupa ndimu bure tuondoke.

Alikuwa anapikia wageni wa Umra katika nyumba moja ya kufikia mahujaji. Alikaa chumba cha chini, bila shaka, maana cha juu kingekuwa na lifti. Kitanda hakijatandikwa. Akatandika sufra sakafuni, akaniwekea wali na mchuzi wa kuku, na akaketi. Nikaona kwamba ameketi, nikaogopa kumuuliza. Nikauliza.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta. Mzima, kakonda. Nikaingia na viatu vyangu hata sijavua, nikafinyanga tonge, nikamwendea." Akanionyesha kwa mkono. "Akafunga mdomo. Akanitazama vile Babu alivyomtazama Madam."

Nikaisogeza sahani kando.

"Nilikwenda uani nikalia mpaka nikachoka. Kisha nikajiambia, we mwanamke, kazi hii si unaijua? Nikamwomba yule binti kanga yake, haijafuliwa. Nikaacha marashi. Nikakaa kando yake, mkono wake juu, wangu chini. Pole pole. Binti alinicheka, akasema shangazi una mambo gani. Nikamwambia wewe mlishe tu."

"Akala?"

"Akala. Mwisho akala mkononi mwangu, mimi peke yangu, mpaka alipofariki. Ila aliniita kwa jina la yule binti. Kila siku. Mara moja tu nilimwambia, mama, mimi ni mwanao, akaniambia mwanangu yuko Arabuni, akija atanilisha." Akachota wali, akaurudisha sahanini. "Sikumsahihisha tena. Alikuwa anakula, basi."

Nje muadhini akaanza. Nikasubiri amalize adhana, nikamuuliza.

"Mbona ulirudi huku?"

"Nilikaa. Nyumba ina watu, si haba. Lakini kila mtu kule ana mkono wake wa kumlisha." Kisha akanikazia macho. "Na wewe? Huruji yako?"

Nilitaka kusema uongo, nikashindwa. Nikamwambia Mwali bado yupo, amezeeka, hali ila kiganjani mwangu. Madam anasema inshallah. Mkataba umekwisha, ikama imefanywa mpya. Mtoto wangu mkubwa siku hizi haji kwenye simu, anasema ana homuweki. Mdogo anakuja, ananiita anti kwanza, halafu anajirekebisha. Niliyasema yote hayo nikitazama mfuko wangu wa kuku pale mlangoni, maana kuku wa Mwali hatakiwi kupata joto, na nilipaswa kuwa nimeshaondoka.

Bi Mpishi hakunipa pole. Hakutoa methali, yeye ambaye alikuwa nazo za kila kitu. Alivuta sahani, akafinyanga tonge kwa vidole vyake, akalipigapiga kidogo kwenye mchuzi, akaja nalo mpaka usoni kwangu, mkono wa pili ameukinga chini lisidondoke.

"Haya," akasema. "Fungua."

Nikafungua kinywa. Mkono wake ulinukia ndimu. Nikatafuna huku nalia, na kabla sijameza alikuwa ameshafinyanga jingine.